Gari Lililovuta Kulia

Desemba 4, Jumatatu

Mvua tangu alfajiri. Saa tano limeletwa gari kutoka Ulyankulu, limefungwa mnyororo nyuma ya lori. Pikapu ya mwaka 1983, ya kuvuta magurudumu yote manne, nyeupe kwa wanaoikumbuka ilipokuwa mpya. Taa ya kulia imevunjika na bampa limebonyea upande huohuo. Nalijua gari hili. Nililitengeneza breki mwaka jana.

Aliyekuja nalo ni dereva wake, Gervasi Ndayiragije. Gari lenyewe ni la mke wake, Levina, mfugaji wa nyuki ambaye kule kwao wanamwita Mama Ciza. Mama Ciza yuko wodini hapa Tabora mjini. Mguu wa kulia umevunjika sehemu mbili chini ya goti.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Imekuwaje?"

"Nimemgonga mke wangu."

Alisema kama mtu anayetaja saa. Kisha akaeleza. Novemba 18 alikuwa anatoka shambani na magunia ya mahindi. Alivuka bonde lililojaa maji, yakafika chini ya milango. Mbele kidogo ipo mashine ya kusaga. Mke wake alikuwa ametangulia kwa bodaboda, amesimama ukutani mwa mashine, upande wa kulia, akimwonyesha pa kusimama. Gervasi akakanyaga breki. Hazikushika. Akakanyaga tena, gari likashika ghafla na kwenda kulia, ukutani.

"Dramu zilijaa maji," alisema. "Nilipaswa kuzikausha kwa kukanyagakanyaga nilipotoka bondeni. Sikufanya. Kila mtu kule anajua kwamba sikufanya."

Agizo la Mama Ciza ni moja: breki za mbele zing'olewe, ziwekwe za diski kama za magari ya siku hizi. Bila hivyo hapandi tena gari hilo, wala mumewe haendeshi.

Nilimuuliza tena lilivuta upande gani. Kulia. Nimeandika.

Desemba 5

Mvua. Hakuna kazi.

Desemba 7, Alhamisi

Gervasi amefikia kwa mtu wa kwao huko Mtendeni. Anakwenda wodini asubuhi, kisha anakuja hapa gereji Isevya na kukaa juu ya tairi mpaka jioni. Anauliza kila nati kazi yake. Leo nimemweleza ili anyamaze: breki ya dramu ni bakuli la chuma, ndani yake mna viatu viwili vinavyotanuka na kulishika. Bakuli likiingia maji, viatu vinateleza. Breki ya diski ni sahani iliyo wazi, pedi mbili zinaibana kama vidole vinavyobana chapati. Maji yakifika, sahani inayatupa nje.

"Kwa nini hawakuweka hiyo tangu mwanzo?"

Nilimwambia awaulize waliotengeneza gari. Mwenzangu Majidi alicheka, akampa kahawa. Majidi anampenda. Mimi naona anachosha.

Desemba 9, Jumamosi

Puge, mimi na Majidi. Tulisikia kuna pikapu ya toleo la baadaye, iliyopinduka miaka mitano iliyopita, inaozea kwenye uwanja wa nyumba ya mama mmoja, Ng'washi. Tulifika kabla ya saa tatu.

"Mwangaluka," Majidi aliamkia kwa Kisukuma. Mama akaitikia, akamuuliza habari za mvua, za mjini, za watoto, halafu ndipo akauliza tunataka nini. Mbele ya gari lile palikuwa pazima: diski, kalipa zake zinazobana pedi, habu za magurudumu, na vile vipande vinavyoshika gurudumu kwenye ekseli. Vyote vinaingia kwenye gari la Mama Ciza bila kuchomelea kitu.

Sharti la Ng'washi lilikuwa tusifungue mlango wa gari. Kuku wawili wanaatamia kwenye kiti cha dereva. Tulifanya kazi kwa muda wa saa nne tukinong'ona.

Desemba 10

Kanisani kengele, nyumbani usingizi. Mgongo unauma.

Desemba 12, Jumanne

Nimefungua gurudumu la mbele kushoto. Majidi alikuwa kwa mchonga vyuma, anasawazisha diski. Gervasi alikuwa wodini. Nilikuwa peke yangu.

Kila gurudumu la mbele la gari hili lina silinda mbili ndogo zinazosukuma viatu kufuata mzunguko. Za kushoto na za kulia zinafanana kama mapacha. Tofauti ni herufi ndogo mgongoni: L za kushoto, R za kulia. Ukifunga R kushoto, viatu vinasukuma kinyume cha mzunguko. Breki inashika, lakini nusu tu. Upande wa pili unashika kamili. Gari linavuta kulia.

Nilifuta matope kwa kitambaa. R. Ya pili, R.

Nilikwenda upande wa kulia, nikafungua. R na R. Nne zote za upande mmoja. Duka lilitupa seti mbovu, na hapa hakuna aliyetazama.

Maji yangepunguza breki pande zote mbili sawa. Hayageuzi gari kulia.

Silinda zote nne nimezifunga kwenye gunia na kuziweka kabatini. Gervasi aliporudi aliuliza kama nimeona tatizo. Nilimwambia dramu zimechakaa. Ni kweli zimechakaa.

Desemba 13

Mimi hufanya upande wa kulia wa kila gari na Majidi upande wa kushoto. Ni miaka kumi na sita sasa. Kushoto ni kwake.

Desemba 14

Sikuongea na Majidi zaidi ya kazi.

Desemba 15

Hivyohivyo. Mvua kubwa, mtaro wa barabarani umefurika mpaka ndani.

Desemba 18, Jumatatu

Majidi kaniuliza kama ninaumwa. Nimesema mgongo.

Namtazama anavyofanya kazi. Anapiga mluzi, anaweka spana popote, anaacha kazi katikati akimwona mtu wa kuongea naye. Kwa miaka yote niliona ni uchangamfu. Sasa naona ni mtu asiyetazama anachokifunga.

Sakina, mke wangu, amekwenda wodini kumwona Mama Ciza na kumpelekea uji. Hakuwa anamjua, amekwenda kwa sababu Gervasi amekula kwetu mara mbili na Sakina hawezi kumlisha mtu bila kumuuliza wa kwao. Kaniambia hivi:

"Yule mama hasemi na mumewe. Mume anakaa pale kitandani, anamtengenezea mto, mke anatazama dirisha. Kaka wa mke, Nijimbere, alikuwepo. Ameshasema akitoka hospitali anampeleka kwake, si kwa mume. Anasema mtu aliyetoka majini bila kukausha breki hawezi kukabidhiwa hata baiskeli."

"Kwani mume anajibu nini?"

"Anasema ni kweli."

Desemba 22, Ijumaa

Baada ya swala nimemwonyesha Majidi gunia. Nimeeleza kila kitu, nikamalizia: "Kushoto ni kwako."

Alizigeuza moja moja. Hakukasirika. Aliniuliza, "Kazi hii tulifanya lini?"

"Juni mwaka jana."

"Juni nilikuwa Nzega. Baba mkwe alikuwa amefariki. Nilikaa siku tisa, Abbasi. Ulikuja kuhani siku ya nne ukarudi."

Nilimwambia anakosea mwezi. Akasema, "Wewe si unaandika? Kasome."

Ni kweli, naandika. Tulipokuwa karakana ya reli, msimamizi wetu alitaka kila kazi iandikwe siku ileile, kwa kalamu, bila kufuta. Reli niliiacha, mazoea yakabaki. Nimekwenda nyumbani, nimetoa daftari la mwaka jana. Nalinakili hapa kama lilivyo:

"Juni 14. Majidi bado yuko msibani. Pikapu ya Mama Ciza: silinda mpya nne mbele, viatu vipya, pande zote mbili peke yangu. Nimemaliza saa kumi. Linavuta kulia kidogo. Nimemwambia dereva ni tabia ya dramu, atazoea."

Nilisoma nikiwa nimesimama. Kisha nilikaa.

Desemba 23

Nimemwomba Majidi radhi. Alisema, "Haya." Halafu akaniuliza, "Na yule utamwambia lini?"

Nimesema kazi iishe kwanza.

Desemba 24

Gervasi kaenda kwao kwa Noeli. Gereji imefungwa.

Desemba 28, Alhamisi

Amerudi mapema, nilimtegemea baada ya mwaka mpya. Alikaa juu ya tairi lake. Sikumuuliza, alisema mwenyewe.

"Kwaya walinipangia zamu ya kubeba maji. Miaka yote mimi hupiga ngoma. Mwaka huu walisema nipumzike. Nikabeba maji."

Nilikuwa chini ya gari, naona viatu vyake tu. Nilisema, "Nipe spana ya kumi na saba." Akanipa ya kumi na saba. Ameshajua zote.

Januari 2, Jumanne

Ekseli ya mbele imevaa vipande vya Puge. Habu mpya, beringi mpya, grisi. Diski zimechongwa, zinang'aa. Kalipa zimefunguliwa, zimesafishwa, mipira yake imebadilishwa. Kila kipande nimekitazama mgongoni kabla ya kukifunga. Majidi ananiona.

Januari 3

Mipira mirefu ya breki imefungwa. Mvua.

Januari 6, Jumamosi

Tumetoa upepo kwenye breki. Gervasi ndiye aliyekuwa anakanyaga pedali, mimi chini nafungua na kufunga. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Saa nzima. Ana mguu mtulivu, hakosei hata mara moja. Mtu wa namna hii akiambiwa gari lina tabia, atajifunza tabia hiyo kwa uaminifu. Ndivyo alivyofanya kwa mwaka mmoja na nusu: alikuwa akikata usukani kushoto kidogo kila alipokanyaga breki. Kaniambia leo, kama jambo la kawaida. Siku ile alikata pia, lakini haikutosha.

Nimechelewa kula.

Januari 8, Jumatatu

Jaribio la kwanza, njia ya Kwihara. Kilomita nne na gari likawa zito, magurudumu ya mbele yanatoa moshi. Breki zinabana zenyewe. Nimeegesha pembeni, tukangoja zipoe.

Sababu: silinda kuu ya zamani, ile inayosukumwa na pedali, ina kijiziba ndani kinachobakiza presha kidogo kwa ajili ya dramu. Dramu zinakitaka. Diski hazikitaki. Nilijua, nilisahau. Nimeandika yote mawili, kujua na kusahau, kwa sababu siku hizi naona hayaachani.

Januari 11

Silinda kuu ya toleo la diski imepatikana Mwanza, inakuja na basi.

Januari 13

Imefungwa.

Januari 15, Jumatatu

Kwihara tena. Mizigo ya mawe nyuma, sawa na magunia kumi na mbili. Mwendo wa sitini, nikaachia usukani na kukanyaga. Gari lilisimama limenyooka. Mara kumi. Nikaliingiza kwenye dimbwi mpaka habu zikazama, nikatoka, nikakanyaga papo hapo. Limenyooka.

Gervasi alikuwa pembeni yangu. Alishuka, akapima kwa macho alama za matairi kwenye udongo, mistari miwili sawa. Alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Mungu akubariki, fundi. Umetusaidia sana."

Nilimwacha ashike. Hii ni siku mbaya kuliko ya R na R.

Januari 16

Kazi imeisha. Sijasema.

Januari 17, Jumatano

Sakina amejua. Majidi hakumwambia, Sakina mwenyewe aliona daftari la mwaka juzi mezani limefunguliwa ukurasa ule. Hakupiga kelele. Aliuliza kama nina nia ya kungoja mpaka Nijimbere amchukue dada yake. Mama Ciza ametoka wodini, yuko Mtendeni, na kaka anakuja Jumamosi.

Nilimwambia watu wakisikia kwamba fundi alifunga kinyume, Majidi naye ataharibikiwa: gereji ina watu wawili, si mimi tu. Akajibu, "Majidi mwenyewe angekuambia useme. Usimtumie."

Januari 19, Ijumaa

Naandika kwa mpangilio.

Nilikwenda Mtendeni saa tisa, gunia mkononi. Nyumba ya kupanga, vyumba sita, ua wa saruji. Mama Ciza alikuwa kwenye kiti kibarazani, mguu juu ya ndoo iliyofunikwa, vyuma vikiwa nje ya ngozi kutoka goti hadi kifundo. Sikuwahi kuviona. Ni mwanamke mwembamba, umri kama arobaini na mbili. Gervasi alikuwa anafua shuka zake bombani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Ciza. Pole na mguu."

"Nimeshapoa. Gari limekwisha?"

"Limekwisha. Namwomba na Baba Ciza asogee."

Alikuja na mapovu mikononi. Nilitoa silinda, nikazipanga sakafuni, nikawaonyesha herufi. Nilieleza kama nilivyoeleza humu. Nikasema zilifungwa hivi Juni ya mwaka juzi, na aliyezifunga ni mimi, peke yangu. Kwamba Gervasi aliniambia siku ileile linavuta, nikamjibu atazoea. Kwamba maji yalichangia, lakini hata angekausha breki, gari lingekwenda kulia. Kwamba nimelijua hili tangu Desemba 12.

Gervasi ndiye aliyesema kwanza. "Desemba kumi na mbili."

"Ndiyo."

"Nimekaa pale kwako mwezi mzima. Noeli nilikuja nikakuambia habari za ngoma."

"Ulikuja."

Alirudi bombani. Hakufua, alisimama tu na maji yanatiririka. Mama Ciza aliomba apewe silinda moja. Aliigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya herufi, mara nyingi. Kisha akasema kitu kwa Kirundi, si kwangu. Gervasi hakugeuka. Akasema tena, kwa sauti ndogo zaidi, na hapo Gervasi akageuka na kufunga bomba. Sijui alisema nini. Ni maneno yake ya kwanza kwa mumewe tangu Novemba, kwa hesabu ya Sakina.

Nilingoja. Nilitegemea polisi, au matusi. Mama Ciza alisema:

"Umeniambia mimi. Mimi niko hapa kibarazani. Walioona wako mashineni."

"Ndiyo."

"Daktari akiniruhusu kusafiri, utatupeleka wewe. Utasimama palepale na kuwaambia. Mimi sitakusemea, na huyu hatakusemea."

Nilikubali. Nikaulizia silinda. Akasema zinabaki kwake.

Januari 20

Nijimbere alikuja. Sakina alikuwepo. Mama Ciza alimwambia arudi Ulyankulu, atasikia kule. Hakumweleza. Mtu huyo aliondoka amekasirika.

Januari 22

Mteja mmoja wa basi dogo ameondoa gari lake. Habari zinatembea. Majidi anasema hakuna neno. Anapiga mluzi.

Januari 25

Mvua.

Februari 1

Mvua. Gervasi haji tena gerejini. Tairi lake limekaliwa na paka.

Februari 9

Nimebadilisha klachi ya lori. Hakuna jingine.

Februari 17, Jumamosi

Tuliondoka saa moja asubuhi. Mimi usukani, Mama Ciza pembeni yangu na mguu kwenye mito, Gervasi nyuma na magongo na mizigo. Aliyechagua mpangilio ni yeye Mama Ciza. Lami ilipoisha barabara ilikuwa mbaya, na kila shimo nililisikia kupitia kwake ingawa hakulia. Mara moja tu alisema, "Taratibu, mzee."

Tukiwa njiani aliniuliza kama nina watoto. Mmoja, Najiat, mwalimu, yuko Urambo. Akauliza kama anajua. Nilisema hapana. Tukafika bondeni.

Maji yalikuwa juu, yamekata barabara. Niliingia kwa gia ndogo, magurudumu yote manne yanavuta, maji yanagonga milango. Tukatoka. Mashine ya kusaga ikaonekana, na watu. Jumamosi ni siku ya kusaga. Sikukanyaga breki tangu tutoke majini. Nilifika palepale, ukuta wenye matofali mapya upande wa kulia, nikakanyaga mara moja. Gari lilisimama limenyooka. Mama Ciza alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili.

"Shuka," aliniambia.

Walikuwepo kama watu thelathini, wanawake wengi, na Nijimbere mwenyewe, ambaye mwenye mashine alimwita kutoka ng'ambo ya barabara. Mashine ilizimwa. Nilisimama mbele ya gari. Nimewahi kutoa taarifa mbele ya wakubwa wa reli, nilidhani itafanana. Haikufanana. Nilisema jina langu, Abbasi Lukumani, fundi wa Isevya, Tabora. Nilisema gari hili lilimgonga mama huyu kwa sababu nilifunga breki zake kinyume. Dereva aliniambia lina kasoro, nikamwambia atazoea. Kosa halikuwa lake. Nilijua tangu Desemba na nikanyamaza, na katika kunyamaza kwangu ninyi mlimlaumu yeye.

Bibi mmoja aliuliza kama nimelipwa kusema hivyo. Nilisema hapana. Mama Ciza alitoa mkono dirishani, ameshika silinda mbili, na bibi yule akazipokea, zikapita mkono kwa mkono. Wengi hawakuelewa herufi. Walinielewa mimi.

Hakuna kijana aliyenitukana, wala mzee aliyenipiga. Nilikuwa nimejiandaa kwa hayo.

Nijimbere alichelewa kusogea. Alikwenda nyuma ya gari, kwa Gervasi, ambaye alikuwa bado juu na magongo, akamnyooshea mkono. Gervasi aliutazama. Hakuushika. Aliruka chini upande wa pili, akazunguka, akafungua mlango wa mke wake na kuanza kumshusha, mkono mmoja chini ya magoti. Mguu ulikuwa mzito na vyuma, ukayumba. Nijimbere akakimbia akaushika kwa chini. Wakambeba hivyo, mmoja kiwiliwili na mwingine mguu, wakipimana hatua, mpaka kwenye kivuli cha mashine ambapo mtu alikuwa ameshaleta kiti.

Niliacha ufunguo kwenye swichi. Nilitembea mpaka bondeni, nikavua viatu na kuvuka. Ng'ambo nilipata lori la mkaa.

Nilifika Isevya saa kumi na moja. Sakina alikuwa anachambua mchele.

"Walisemaje?"

"Hawakusema kitu," nilimwambia. "Walimbeba."